Kibwawa pa parseli: nyinyi munauliza, mi najibu

Tangu niseme kwamba nimechimba kibwawa nyuma ya nyumba hapa Goma, simu haitulii. Leo nachukua maswali sita, mengine yatangoja.

Maji yangu yanapungua kila siku, nitajuaje kama ni jua ao shitingi (plastiki pana ya kushika maji) imetoboka? (Mama wa Himbi)

Mama, chukua ndoo, ijaze maji, isimamishe ndani ya kibwawa juu ya jiwe ili mdomo wake ubaki juu, halafu piga alama ndani ya ndoo pale maji yanafika, na ingine nje ya ndoo pale maji ya kibwawa yanafika. Kesho saa ile ile angalia. Kama zote mbili zimeshuka sawasawa ni jua na upepo, ongeza maji basi. Kama ya nje imeshuka zaidi, iko kitundu.

Na kwetu kitundu si ajabu, tunaishi juu ya mawe ya volkano, yanakata kama wembe na hayashiki maji hata kidogo, yakishaingia chini umeyaaga. Shitingi yangu ya kwanza niliilaza juu ya mawe hivyo hivyo sababu ya haraka, siku ya tatu nikakuta matope na chura mmoja ananiangalia. Ya pili nikatoa mawe makali moja moja kwa mkono, nikatandika mchanga, juu yake blanketi za zamani na mifuko mitupu ya sima (saruji), ndipo shitingi, tena nikaikunja mara mbili. Hadi leo inashika.

Maji yamekuwa kijani kama sombe, nimeshayabadilisha mara tatu na yanarudia. (Papa wa Keshero)

Acha kubadilisha, papa! Ule ukijani ni mwani, vimimea vidogo vidogo vinavyoelea, vinataka jua na chakula, na kila maji mapya unayomwaga yanavipelekea chakula kipya. Udongo wetu je, ule unaonenepesha viazi vya Masisi? Ukiutia ndani ya kibwawa umewapikia karamu. Panda kwenye kokoto za volkano zilizooshwa vizuri, na usitie mbolea. Halafu leta kivuli: majani yafunike karibu nusu ya maji, yungiyungi katikati, mafunjo na mateke (magimbi) pembeni. Yungiyungi changa usilizamishe chini mara moja, weka chungu chake juu ya matofali, likirefuka unatoa tofali moja moja. Kisha ungoje, kibwawa kipya kinaweza kukaa kijani wiki nyingi, si ugonjwa.

Jirani anasema nitaletea kartie (mtaa) nzima malaria. Ni kweli? (Kijana wa Katindo)

Anaweza kuwa na haki, usimcheke. Mbu kutoka yai hadi kuruka anahitaji kama wiki moja hadi mbili hivi, kwa hiyo maji yaliyotulia bila mnyama wa kumla ni nyumba yake. Chukua sahani nyeupe, chota maji ya pembeni kwenye majani, angalia. Viluwiluwi vilivyolala bapa juu ya maji ni vya anofelesi, yule wa malaria, na vinavyoning'inia kichwa chini ni vya mbu wengine. Ukivikuta vingi, tia tilapia wadogo wawili watatu, wanavila, ila ujue watakula na watoto wa chura pia. (Samaki sambaza usijaribu, nimeulizwa mara mbili! Yule ni samaki wa ziwa pana, na hata ziwa Kivu aliletwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, ukimshika tu anakufa.)

Mimi sina samaki, nawaachia kereng'ende. Watoto wake wanaishi chini ya maji na wanakula mbu balaa, asubuhi moja nilikuta ganda tupu limeshika shina la mateke, mgongo umepasuka, mwenyewe ameshatoka na kuruka. Ndiyo maana nasema usimwage petroli wala mafuta machafu ya gari, utaua mbu wa leo na walinzi wa kesho. Angalia pia matairi na mabidoni yaliyo wazi pa parseli. Na chandarua unalala nacho, kibwawa ao hakuna kibwawa.

Nimepewa ua zuri la zambarau linaloelea, nilitie? (Dada wa Bukavu)

Hapana! Ni gugumaji, lilitoka Amerika ya Kusini, ndilo lilisumbua mto Kongo tangu miaka ya 1950, kule wanaliita Kongo ya sika. Linaweza kujizidisha mara mbili kwa wiki mbili tu. Usilitupe ziwani wala kwenye mtaro, likaushe kabisa juani kisha lichome.

Nijaze kwa maji ya sitene (tangi la maji ya mvua) ama ya ziwa? (Kijana wa Katindo tena)

Yote mawili yanafaa, mi nachanganya. Ya Kivu yana magadi, na mvua yetu ikipita ndani ya moshi wa volkano Nyiragongo inashuka na asidi, tena paa likiwa na majivu ndiyo mbaya zaidi, kwa hiyo mvua ya kwanza iache ioshe paa. Ya bomba yalaze siku moja mbili klorini itoke. Na kwa sababu uliniandikia kwamba una mdogo wa miaka miwili: funika kwa wavu wa chuma leo, si kesho, maji ya kufika kwenye goti lake yanatosha kumzamisha.

Vyura wanapiga kelele, jirani hawezi kulala! (Mama wa Ndosho)

Ni madume wanaita wake, mvua zikipungua watanyamaza. Chumvi usimwage, utaua na mimea. Mateke yakikomaa, mama, mpelekee jirani sahani ya kwanza.