Mirija imeziba: je, mtoto wa chupa ni damu yetu?

Swali: Daktari, nina miaka 34, naishi Kasese, na ndoa yetu ina miaka sita bila mtoto. Picha imeonyesha mirija yote miwili ya uzazi imeziba. Hospitali wamenishauri mtoto wa chupa. Shangazi wa mume wangu anasema mtoto huyo hatakuwa damu yetu, na ana mtu wa miti shamba anayezibua mirija kwa siku 14. Nianze na lipi?

Jibu: Dada yangu, hiyo "chupa" imenichosha. Nafanya kazi katika maabara ya uzazi hapa Kampala na sijawahi kuiona. Kuna kisahani cha plastiki kinachoenea kiganjani. Yai lako na mbegu ya mumeo hukutana humo, kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kugawanyika, hukaa kwenye joto la mwili siku chache, mbili hadi sita, kisha hurudishwa katika mji wako wa mimba. Miezi yote iliyobaki ni yako, na kichefuchefu chake.

Laiti shangazi angemjua Jean Purdy! Watu humtaja mwanasayansi Robert Edwards, aliyepewa Tuzo ya Nobel 2010 kwa njia hii, na daktari mwenzake Patrick Steptoe, wakamsahau muuguzi huyu aliyeibeba maabara yao kule Uingereza. Novemba 1977 ni yeye aliyeinamia hadubini akakiona kiinitete cha Lesley Brown kimefika seli nane. Shida ya Lesley ilikuwa hiyohiyo yako, mirija, na alikuwa amehangaika miaka tisa. Binti yake Louise, mtoto wa kwanza duniani wa njia hii, alizaliwa Oldham tarehe 25 Julai 1978. Purdy alifariki 1985, akiwa na miaka 39 tu. Bamba la kumbukumbu lilipowekwa Oldham jina lake halikuwamo, ingawa Edwards alikuwa ameandika barua kulidai. Sisi tunaohesabu seli asubuhi, mbili, nne, nane, hatumsahau.

Sasa huyo wa siku 14. Mirija huzibwa na kovu, mara nyingi la magonjwa ya zinaa kama klamidia na kisonono, au maambukizi baada ya kujifungua au mimba kutoka. Kovu la moto mguuni umewahi kuona likiondoka kwa kunywa kikombe cha dawa? Na za kuweka ukeni ni mbaya zaidi: huunguza na kuleta maambukizi mapya. Juzi mama mmoja alinitolea mkobani chupa ya soda, maji meusi ndani, tope chini, inanuka moshi. Hiyo ndiyo chupa pekee niliyokutana nayo katika kazi hii. Alikuwa amezunguka kwa waganga wanne kwa miaka mitatu, mbuzi wamekwisha. Alifika kwetu na miaka 41. Mirija iko vilevile, mayai ndiyo yamepungua. Siku ya 15 ukirudi bila mimba, wanakuambia umelogwa.

Hata mwenye koti jeupe akikuahidi mimba kwa uhakika, mkimbie. Edwards na wenzake walihangaika karibu miaka kumi kabla ya Louise, na mpaka leo jaribio moja laweza kushindwa.

Rudi na picha yako uulize kama mirija imejaa maji. Ikiwa imejaa, kwa kawaida hutolewa au hubanwa kwanza, maana maji hayo humwagikia kiinitete. Na mumeo je, amepima mbegu? Hujasema. Apime kabla hamjalipa hata shilingi.