Tarehe 1 Januari, Kila Asubuhi

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: ni kifaa gani cha nyumbani au kazini kinachokukera kila siku, na je, ungeweza kuishi bila hicho? Nimelisoma mara tatu, nimeona siwezi kulipita.

Changu ni kompyuta ya kikundi chetu cha wafugaji nyuki huku Jilore, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Mimi ndiye katibu. Tulipewa ikiwa imeshatumika na watu wengine, na huu ni mwaka wa sita iko mezani kwangu.

Betri yake ndogo ya duara, ile inayotunza saa ndani ya mashine, ilikufa zamani. Stima ikipotea usiku, mashine ilikuwa inasahau siku. Nikiiwasha asubuhi iliniambia leo ni tarehe 1 Januari 2009. Nisipoirekebisha, tovuti zilikataa kufunguka, maana vyeti vyake vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa mashine iliyobaki mwaka 2009 vyeti hivyo bado havijaanza kutumika. Feni nayo hujaa vumbi la barabara, joto likizidi mashine inajizima yenyewe. Halafu kuna kitufe cha herufi A, ambacho hushika kikitaka. Kiswahili bila A hakiandikiki.

Hayo ya kila siku nilishayazoea. Kinachoniuma ni siku moja.

Ilikuwa mwezi wa pili, kaskazi ikielekea ukingoni, nyasi zimekauka hadi zinavunjika mkononi. Wanaoujua msitu wetu kwa kupita barabara ya Mombasa tu huenda hawajaiona sehemu ya miti ya mirihi. Mirihi huota kwenye mchanga mweupe, miti imeachana, jua linafika chini na nyasi zinamea. Asubuhi ni mahali pa kukufanya uvue viatu. Baba yangu alikuwa akinipeleka msituni usiku, kwenye vichaka vizito, kumsikiliza bundi wa Sokoke, ndege asiyefika urefu wa rula ya sentimita 20, ambaye duniani kote anapatikana huku pwani ya Kenya na chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Lakini nyasi za kwenye mirihi ndizo njia ya moto. Kwenye vichaka vizito moto huingia kwa shida. Kwenye mirihi unakimbia.

Saa nane mchana nikaona moshi. Wapo waliosema ni mrina asali aliyeacha mwenge, wapo waliosema ni shamba lililochomwa kungojea masika. Majira hayo yote mawili hutokea.

Orodha ya kikundi ilikuwa ndani ya kompyuta: wanachama 31, nambari zao za simu, na mti ambao kila mzinga umetundikwa. Tulikuwa tumekubaliana kwamba moto ukitokea, katibu anampigia aliye karibu kwanza. Simu yangu ilikuwa na nambari kama kumi tu. Nikaiwasha mashine. Tarehe 1 Januari. Kisha skrini ikawa nyeusi yenye maandishi meupe: inakagua diski, kwa kuwa jana ilizimika vibaya. Asilimia 3. Asilimia 7. Asilimia 11. Harufu ya moshi inaingia dirishani na mimi nimesimama naangalia nambari zinavyopanda. Nilisimama robo saa nzima. Ilipofika asilimia 26, stima ikapotea.

Kijana wa bodaboda akasimama mlangoni.

"Mama katibu, mbona umesimama? Moto umeshavuka njia!"

"Mwanangu, nangoja nambari za watu."

"Nambari za nini tena, mama? Panda twende."

Alinipeleka shuleni, tukapiga ile rimu ya gurudumu inayotumika kama kengele. Basi. Watu walitoka mashambani na majembe, mapanga, madumu ya maji, wengine na matawi mabichi tu mkononi. Moto haupigwi usoni. Unaanzia nyuma, pale palipokwisha kuungua, unaubana ubavu kwa ubavu kuelekea kichwani, na wengine mbele wanafyeka ukanda hadi mchanga uonekane. Mzee mmoja, ambaye sote tunamwita babu, alisimama kwenye kichuguu akielekeza vijana: "Mzinga wa mrihi uliopigwa na radi! Wa mbambakofi, penye njia ya ndovu! Fyekeni chini ya mti, mzinga uacheni!" Alikuwa na mizinga yote kichwani mwake, na kompyuta hajawahi hata kuigusa.

Upepo ulitulia jua lilipozama. Tulipiga visiki hadi usiku wa manane. Asubuhi tukahesabu mizinga 19 imeungua. Nta ilikuwa imetiririka kwenye magome ikagandia nyeusi, na nyuki waliosalia walikuwa wakizunguka pale pale mzinga ulipokuwa, hewani, hawana pa kutua. Niliangalia hadi nikashindwa.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika jibu hili nilikuwa na neno moja: itupwe. Ningeweza kuishi bila hiyo mashine, na siku ile ningeishi vizuri zaidi, kwa sababu ningekimbilia shuleni robo saa mapema. Sijui robo saa ni mizinga mingapi, lakini si sufuri.

Ila nikifika hapa nakumbuka mwezi wa nne. Waliokubali kutusaidia kupata mizinga mingine walitaka kujua ni ya nani na ilitundikwa lini. Babu alitaja miti yote 19 bila kukosea, lakini mwenye mzinga ni nani? Ndugu wawili, mtu na kaka yake, waligombania mmoja hadi mama yao akaja mkutanoni. Daftari letu la zamani mchwa walikuwa wamelimaliza, limebaki jalada. Tukaibeba kompyuta hadi kwa fundi Malindi mjini. Akachomoa diski, akaisoma kwenye mashine nyingine, na orodha ikatoka nzima, na tarehe zake. Ugomvi ukaisha siku hiyo hiyo.

Fundi akaniuliza, "Mama, hii betri ni ya volti tatu tu, inauzwa dukani. Mmekaa nayo hivi miaka yote kwa nini?"

Sikuwa na jibu, na bado linanisumbua. Kinga ya moto, ule ukanda wa kuuzuia, pia tulikuwa tukiifyeka kila Desemba, wote, na chakula tunapika pamoja. Mwaka mmoja tukaahirisha kwa sababu ya msiba. Uliofuata tukasema tutaona. Kwenye kumbukumbu za mikutano, nilizoziandika mimi mwenyewe, kuna "itafyekwa mwezi ujao" mara nne. Mimi nilikuwa narekebisha tarehe kila asubuhi na kuona nimefanya kazi.

Basi jibu langu, Mhariri: ndiyo, naweza kuishi bila hiyo kompyuta, na hapana, sitaitoa. Hilo ni kwa sasa. Kikundi kikipata fedha nitaomba ya kubeba mkononi, yenye betri yake, na hii iende kwa fundi akatoe vipuri. Na kwa moto, rimu ya shule kwanza, kabla ya mashine yoyote.

Betri mpya ilitiwa. Kitufe cha A bado. Orodha iko pia ukutani kwa kalamu, ingawa wanachama wawili wamebadilisha nambari na sijaandika mpya. Nikimaliza hapa naandika. Jumamosi tunafyeka kinga. Hadi leo jioni waliojiandikisha ni tisa.