Vitendawili vya hobiti vinavyoishia kwa ugomvi

Pole, ndugu yangu. Unasema kundi lenu hapa Nairobi hutegana vitendawili vya Tolkien, yule mwandishi wa hadithi za hobiti, watu wafupi wa kubuni, kila Jumamosi, na sasa wawili hawasalimiani. Letu lilivunjika hivyohivyo, mezani, chai ikipoa.

Kabla ya mtu kusema "Kitendawili!", mkubaliane: kitabu au filamu? Katika kitabu cha The Lord of the Rings, farasi aliyemvusha mto hobiti Frodo akikimbizwa na maadui ni wa shujaa Glorfindel. Kwenye filamu ya 2001 anayembeba ni binti Arwen. Anayejibu Glorfindel na anayejibu Arwen wote wana haki, na hapo ndipo kelele huanzia. Hata toleo la 1937 la kitabu The Hobbit si sawa na la 1951: katika lile la kwanza tu, Gollum, kiumbe wa pangoni anayeshindana vitendawili na hobiti Bilbo, aliahidi pete iwe zawadi.

Halafu tegeni vitu, si majina ya ukoo. Bilbo alitega yai, nasi tumelijua tangu utotoni: nyumba yangu haina mlango.

Anayeshindwa atoe mji. Akikupa Gondor kataa, hiyo ni nchi. Dai Minas Tirith, mji wake mkuu.

Pesa zikianza kuwekwa mezani, simamisha mchezo. Na hao wawili usiwapatanishe wewe uliyekuwa mwamuzi. Tafuta mtu wanayemheshimu wote.