Muziki wa okestra wa kupumzikia: jibu kwa ndugu wa Malindi

Ndugu yetu wa Malindi ameeleza kwamba hurudi kutoka zamu ya usiku hotelini akiwa hoi, na kwamba mkusanyo wa okestra aliosifiwa kuwa unatuliza ulimbembeleza vizuri, kisha ukampigia kishindo akaruka kitandani. Kwa maelezo hayo nashuku alikutana na sehemu ya pili ya Simfoni namba 94 ya Joseph Haydn, iliyopigwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1792. Fidla huanza taratibu, hurudia kwa sauti ya chini zaidi, halafu okestra nzima pamoja na ngoma hupiga pigo moja la nguvu. Simlaumu Haydn, namlaumu aliyeutia muziki huo katika mkusanyo wa kulalia.

Mimi hupiga fidla katika kikundi cha taarabu hapa Lamu, na harusi zikimalizika usiku wa manane hurudi nyumbani masikio yakivuma kwa spika. Nimejifunza kutochagua kwa jina la mtunzi, bali kwa kupima umbali uliopo baina ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa. Okestra yaweza kunong'ona hata ikamezwa na feni, ukaongeza sauti, na baada ya dakika moja ikakutoa roho.

Kwa hiyo naanza na utangulizi wa Claude Debussy kuhusu alasiri ya fauni (kiumbe wa ngano, nusu mtu nusu mbuzi), wa mwaka 1894, ambao hufunguliwa na filimbi moja peke yake. Una dakika kumi hivi, na ndani yake hamna tarumbeta wala ngoma kubwa, kwa hiyo hata unapopanda hauumizi. Asubuhi ya Edvard Grieg ni fupi na nyepesi, na ingawa mtunzi ni wa Norwei, katika mchezo wa kuigiza alioutungia muziki huo jua linachomoza Moroko. Sehemu ya pili ya konserto ya gitaa (utungo wa gitaa likiongoza okestra) ya Joaquín Rodrigo, ya mwaka 1939, ina huzuni ya kupendeza, lakini karibu na mwisho okestra huinuka, basi isikilize ukiwa bado macho.

Ninayoipenda kuliko zote ni Scheherazade ya Nikolai Rimsky-Korsakov, ya mwaka 1888, iliyotokana na Alfu Lela Ulela. Sauti ya bibi msimulizi ni fidla moja inayosindikizwa na kinubi, na kila inaporudi namsikia kama mpigaji wetu anayetoa taksimu, yaani kupiga peke yake kwa kubuni papo hapo, kabla ya wimbo kuanza, bila haraka, akiwaacha wasikilizaji watulie kwanza. Mtunzi huyo alikuwa afisa wa jeshi la majini la Urusi, na sehemu ya kwanza, yenye bahari na jahazi la Sindbad, huyumba kama chombo kilichotoka nje ya mlango wa Shela, ingawa nayo ina mawimbi makubwa. Ya kupumzikia hasa ni sehemu ya tatu, ya mwanamfalme na binti mfalme, ambayo fidla huiimba kwa upole kwa takriban dakika kumi.

Vltava ya Bedřich Smetana, inayofuata mto tangu chemchemi zake mbili, ni nzuri sana, ila humalizika kwa mapigo mawili makubwa yanayomwamsha aliyekwisha sinzia. Badala yake, mwishoni weka ile Air ya Johann Sebastian Bach kutoka seti yake ya tatu ya vipande vya okestra, ambamo tarumbeta hunyamaza na nyuzi peke yake huendelea.

Zaidi ya hayo, ndugu yangu, izuie simu isiendelee yenyewe na muziki unaofuata, kwa sababu baada ya sehemu ya tatu ya Scheherazade huja ya nne, na humo ndimo merikebu inamovunjika mwambani.