Kila mshahara ukiingia, ugomvi

Shangazi, mume wangu ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, mimi nauza vitenge. Tuna miaka sita ya ndoa na watoto wawili, hawalali njaa. Kila mshahara ukiingia anamtumia mama yake mjane Bukoba hela bila kuniambia, naziona kwenye meseji. Nikiuliza, anasema siwapendi ndugu zake. Tunanuniana siku mbili tatu, anaomba msamaha, mwezi ujao yaleyale. Mshahara wake siujui. Mimi nikimsaidia mama yangu natoa dukani, simwambii, ni jasho langu. Rafiki yangu ananishauri niende mahakamani nikadai talaka. Nifanyeje?
Niliyechoka, Morogoro

Mwanangu,

Sentensi ile ya mama yako umeipitisha haraka, kama mtu anayepita mlangoni kwa mdai wake. Mumeo anatuma kwa siri, nawe unatoa kwa siri. Ila siri yake ina meseji ya kumsuta, yako inaishia kwenye droo ya duka.

Sisemi makosa yenu yanalingana. Miaka sita mke hajui mshahara wa mumewe, hilo ni lake na ni kubwa. Na kukwambia huwapendi ndugu zake ni kukuziba mdomo tu, maana wewe umeuliza hesabu.

Hesabu yenyewe huenda ni ndogo kuliko unavyodhani. Kama ni mwajiriwa wa serikali, ana kodi ya mapato, asilimia 5 ya mfuko wa pensheni na asilimia 3 ya bima ya afya. Kama alisoma chuo kwa mkopo na hajamaliza kuulipa, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Walimu wengi wana mkopo wa benki juu ya hayo. Wanaume wengine huficha slipu ya mshahara kwa kuona haya kuliko kwa ujanja. Huenda wako ni mmoja wao, huenda siye. Utajua ukiiona.

Mnagombana siku mbaya kuliko zote. Mshahara ukiingia, Mangi anadai, kikoba kinadai, mwenye nyumba anadai, na kila mmoja wenu ameshaipangia ile hela kichwani. Zungumzeni katikati ya mwezi, wakati hakuna hela ya kugombea, watoto wamelala. Na uanze na ya kwako: "Baba watoto, mama nampaga hela ya dukani na sijawahi kukwambia." Taja kiasi, usipunguze. Ukishasema hivyo ndipo umwombe slipu. Ukianza na slipu, atasikia polisi.

Mkishaiona, pangeni cha Bukoba na cha mama yako, kitoke kila mwezi kila mtu akijua. Si lazima vilingane. Mama mjane anaweza kuhitaji zaidi, na ukilikubali hilo kwa mdomo wako, lile neno la kuwachukia ndugu zake litakosa pa kushika. Msiba na ugonjwa havina ratiba, kwa hiyo kubalianeni kupigiana simu kabla ya kutuma. Mtaendelea kubishana, hasa Januari ada zikifika. Angalau mtabishana juu ya kiasi.

Rafiki yako anakupeleka mbali. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ombi la talaka halipokelewi mahakamani mpaka shauri lipite kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa na lishindwe kuwapatanisha, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Huko mahakamani nako utatakiwa kuonyesha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Angekuwa anatuma Bukoba watoto wakikosa chakula, ningekwambia mengine, kwa sababu sheria hiyohiyo inamwajibisha mume kuitunza familia. Na kama kuna kipigo ambacho hukukiandika, achana na habari za slipu, niandikie tena leo.

Akikataa kuionyesha, mpe mwezi mmoja, kisha mwite mshenga wenu, peke yake, bila dada zako wala kaka zake. Mama mkwe usimpigie. Anapokea anachotumiwa na mwanawe, hana kesi.