Kabla hujaomba miche, tazama visiki vya shambani kwako

Kila mwaka mvua zikikaribia, vijijini kwetu Dodoma huulizwa swali lilelile: miche italetwa lini? Gari likifika tunapanda, tunapiga picha, tunashukuru. Ikifika Agosti miche mingi imekauka imesimama. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa miaka mingi mvua yenyewe haifiki milimita 600. Mche uliotoka kitaluni na mizizi ya urefu wa kiganja hauwezi kuvuka kiangazi chote bila kumwagiliwa, na maji ya kuumwagilia ndiyo hayohayo tunayobeba kichwani kwa ndoo.

Nalima mtama, uwele na alizeti wilayani Kongwa. Ushauri wangu kwa yeyote mwenye shamba lililowahi kuwa pori ni huu: kabla hujaandika barua ya kuomba miche, zunguka shamba lako mwezi wa tisa au wa kumi, wakati kila kitu kimekauka, utazame ni nini bado kina kijani. Vile vichaka vinavyokufika magotini, unavyovifyeka kila msimu kabla ya kulima ukidhani ni magugu, vingi vyake ni miti. Chini kuna kisiki, na chini ya kisiki kuna mizizi iliyokwisha kushuka hadi kwenye unyevu miaka mingi kabla wewe hujalirithi shamba. Umekuwa ukiikata miti hiyo mwaka baada ya mwaka na bado inaota.

Njia ya kuviacha visiki hivyo vikue na kuvitunza, huku tunaiita kisiki hai. Jina limeenea sana tangu 2018, shirika la LEAD Foundation la hapa Dodoma likishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi lilipoanza kufundisha kijiji kwa kijiji. Lakini jambo lenyewe lina historia ndefu. Mwaka 1983, huko Maradi nchini Niger, Tony Rinaudo, mmishonari kutoka Australia aliyekuwa amechoshwa na miche inayokufa, alisimamisha gari apunguze upepo wa matairi ili avuke mchanga. Akatazama kichaka kilichokuwa pembeni, akayatambua majani: ulikuwa mti uliokatwa, unaotaka kurudi. Wakulima wa Niger walipoanza kuviacha visiki vikue, walirudisha miti kwenye eneo la hekta zipatazo milioni 5, katika mashamba yao wenyewe, kwa mikono yao. Hakuna kitalu ambacho kingeweza kazi hiyo.

Tena hatuna haja ya kwenda Niger. Wasukuma walikuwa na ngitili tangu enzi za mababu: kipande cha malisho kinafungwa wakati wa masika ili nyasi na miti vipumzike, kinafunguliwa kiangazi kikipamba moto. Serikali ya kikoloni ilifyeka mapori ya Shinyanga ili kumaliza mbung'o, baadaye watu wakahamishiwa vijijini wakaacha ngitili zao, na Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa hekta 600 hivi tu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta 350,000. Wataalamu wa mradi walifanya jambo moja la busara kubwa: waliwauliza wazee walikuwa wakifanyaje zamani, kisha wakawaacha waendelee.

Sasa kazi yenyewe. Chagua kisiki chenye machipukizi yenye afya. Kwenye kila kisiki acha machipukizi matatu hadi matano, yaliyonyooka na manene kuliko mengine, yaliyosalia yakate. Kwenye yale uliyoyaacha, ondoa matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu wake. Usipande juu zaidi ya hapo kwa tamaa ya kuni, chipukizi litavunjwa na upepo. Panga liwe kali, na ukate kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Jeraha lililochanika ndilo mlango wa wadudu. Matawi uliyokata yatandaze juu ya udongo, au chukua kuni zako. Mimi huona hapo ndipo wanawake wengi wanapoikubali kazi hii: kuni zinaanza kupatikana shambani kwako mwenyewe, na safari ya kwenda mlimani inapungua.

Kisha funga kitambaa chenye rangi inayoonekana kwa mbali. Watu huidharau hatua hii, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kama mti utaishi. Kisiki kisicho na alama ni mali ya kila mpita njia mwenye panga. Chenye kitambaa kinasema kuna mtu anakitunza. Rudi kila baada ya miezi michache uondoe vichipukizi vipya, na mti ukishakuwa na nguvu punguza shina mojamoja, kwa sababu hilo nalo ni nguzo, ni mpini wa jembe, ni fedha kidogo.

Usichague aina moja tu. Mgunga huangusha maganda ambayo mbuzi huyapenda kiangazi. Mkwaju unajulikana faida yake. Mpingo huchelewa sana kukua, lakini uache, wajukuu watakushukuru. Na katika shamba la nafaka usiache miti isongamane hadi mtama ukose jua. Kama mnalima kwa trekta au maksai, chagua visiki vinavyofuata mstari, kwa kuwa mwendesha trekta hatazunguka kila mti kwa ajili yako.

Kazi ngumu haimo kwenye panga, imo kwenye watu. Baada ya mavuno, kwa desturi yetu mashamba huwa wazi, mifugo ya kila mtu huingia kula mabua. Ukimfuata mfugaji kwa hasira ukimwambia mbuzi wake wameharibu mti, atakuonyesha vichaka na kukuuliza mti uko wapi. Nakushauri uanze na watoto. Wanaochunga mbuzi ni watoto na vijana, ndio wanaojua kila kisiki kilipo kuliko sisi. Mimi niliwaita vijana wanaochunga karibu na shamba langu, tukafunga vitambaa pamoja, nikawaeleza kwamba maganda ya migunga yakianza kudondoka watakaribishwa pamoja na mbuzi wao. Tangu hapo nikiona mti umeliwa, huja wenyewe kuniambia ni mbuzi wa nani.

Hatua inayofuata ni mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria, mkutano huo unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, zikajadiliwa na wanakijiji, kisha kupitishwa na halmashauri ya wilaya. Usikubali ziandikwe na wakulima peke yao. Wafugaji wawepo mezani tangu siku ya kwanza, waseme mifugo ipite njia gani, inywe maji wapi, faini iwe kiasi gani. Wakongwe wa Kondoa wanakumbuka mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza mwaka 1973, na jinsi mifugo yote ilivyoondolewa kwenye vilima vilivyomomonyoka mwaka 1979. Majani yalirudi, ni kweli. Lakini familia ziliagana na ng'ombe wao kwa amri, na machungu yake yanasimuliwa hadi leo. Tunaweza kufika kwa njia yenye upole zaidi.

Kuna ardhi iliyochoka kiasi kwamba hakuna kisiki kilichobaki, udongo umekuwa mgumu na maji ya mvua yanateleza juu yake yakienda zake. Hapo anza na maji. Pembamoto, katika wilaya yetu hii, watu walichimba vishimo vya nusu mwezi vyenye tuta upande wa bondeni. Maji hutuama, hunywewa na udongo, na mbegu za nyasi zilizokuwa zimelala huamka. Yacouba Sawadogo, mkulima wa Burkina Faso aliyefariki mwaka 2023, alifanya jambo la ukoo huohuo kwa vishimo viitwavyo zai. Vilikuwa vya asili tangu zamani. Yeye alivipanua, akavijaza samadi kabla ya mvua, mchwa wakaifuata samadi na kutoboa udongo mgumu, maji yakapata pa kuingilia. Majirani walimwona amerukwa na akili. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood, mwaka uleule aliopewa Rinaudo.

Na kwa wale waliokodi shamba, kwa sababu ndio wanaoniuliza zaidi: ongea na mwenye shamba kabla hujagusa kisiki cha kwanza. Mti ukikua, thamani ya shamba hupanda, na nimeona mtu akinyang'anywa shamba msimu uliofuata kwa sababu hiyo. Andikishaneni kwa mtendaji wa kijiji, mkiwa na mashahidi: utalima miaka mingapi, kuni za kupogolea ni za nani, nguzo zikivunwa mtagawana vipi. Mkeo au mumeo naye asaini. Kama mwenye shamba anakataa kuandika, usipoteze nguvu zako hapo. Nenda kwenye mpaka wa kiwanja chako mwenyewe, hata kama kina visiki vitatu tu, uanzie huko Oktoba hii.