Kulanti imejaa lakini injini ya boti inachemka

Kaka, umesema kulanti (maji ya kupozea injini) imejaa, hakuna panapovuja, ila injini yako ya dizeli iliyofungwa ndani ya boti inapanda joto kila ukiongeza mwendo. Mimi singeanza na kulanti. Hiyo inazunguka humo humo ndani ya injini. Kinachoipoza ni maji ya bahari yanayopita kwenye vibomba vyembamba vya kibadilisha joto, kisha yanatokea kwenye eksozi.

Washa, uchungulie nyuma. Maji yanaruka kwa nguvu au yanachuruzika? Yakiwa haba, kagua chujio (mwani, mifuko ya plastiki), halafu fungua pampu ya hayo maji ya bahari. Ukikuta mpira wake (kigurudumu chenye mapezi kinachosukuma maji) umekatika mapezi, usiishie kuweka mpya. Vitafute vile vipande, maana huenda kukwama mdomoni mwa kibadilisha joto. Mimi nilibadili mpira mara mbili kabla sijatoa kifuniko na kukuta mapezi matatu yamelaliana humo kama dagaa.

Kama kibadilisha joto kina kipande cha zinki (kinacholiwa na kutu badala yake) na kimelika nusu, badilisha.

Na kifuniko cha kulanti usikiguse injini ikiwa ya moto. Ina presha, itakurukia usoni.